Nyumba ya bei nafuu itabakije nafuu akishaiuza mnunuzi wa kwanza? Tujadili amana ya ardhi ya jamii

#1 Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimefanya kazi ya kuandaa mikataba ya mauziano ya nyumba kwa miaka mingi, na kuna jambo moja limenikaa moyoni tangu nilipoanza. Ulikuwepo mradi wa nyumba za bei nafuu ambao mikataba yake ya mwanzo niliiandaa mimi mwenyewe. Kaya zilichaguliwa kwa kuangalia kipato, fedha za umma zikaziba pengo kati ya gharama ya ujenzi na uwezo wa mnunuzi, funguo zikakabidhiwa, na wapo waliotokwa na machozi mbele ya meza yangu. Sharti la kutouza lilikuwa la miaka mitano. Ulipoingia mwaka wa sita walianza kurudi mmojammoja, safari hii wakiwa wauzaji, na mnunuzi aliyeketi upande wa pili alikuwa mtu wa kipato ambacho mradi ule haukukilenga hata kidogo. Sikuwalaumu wauzaji wale na siwalaumu leo, kwa sababu mzazi mwenye mtoto wa kusomesha akiwekewa bei mbili atachukua iliyo kubwa. Lakini siku niliyofungua faili la nyumba iliyouzwa kwa mara ya tatu, nikazisoma kwa mfuatano bei zote tatu nilizoziandika kwa mkono wangu, nilielewa kwamba ruzuku ile ilimfaa mtu mmoja mara moja, kisha ikaondoka na bei, na yule aliyekuwa nyuma yake katika foleni hakuachiwa kitu.

Kwa hiyo swali langu si namna ya kujenga nyumba ambayo mtu wa kipato kidogo ataimudu leo. Hilo ni gumu, ila njia zake zinajulikana. Nauliza ni nani ataimudu nyumba hiyohiyo baada ya miaka thelathini, ikiwa imeshapita mikononi mwa wamiliki wanne. Mpango ambao nimeuona ukilijibu swali hili kwa ukamilifu kuliko mingine ni amana ya ardhi ya jamii, na ningependa tuuchambue bila haraka, pamoja na udhaifu wake.

Msingi wake ni kutenganisha ardhi na jengo. Chombo kisichofanya biashara ya faida kinamiliki ardhi kwa niaba ya jamii na kinajifunga kutoiuza. Nyumba iliyo juu ya ardhi hiyo inauzwa kwa kaya, ambayo inapata hati ya jengo pamoja na mkataba wa upangaji wa ardhi, mara nyingi wa miaka 99, unaoweza kurithishwa na kuhuishwa. Mnunuzi halipii thamani ya kiwanja, ila hulipa kodi ndogo ya ardhi kila mwezi. Naye, kwa kupunguziwa hivyo, anakubali kwamba siku akitaka kuhama, amana itakuwa na haki ya kwanza ya kununua, na bei itakokotolewa kwa kanuni iliyoandikwa ndani ya mkataba alioutia saini siku ya kwanza, kwa mfano kwamba achukue robo tu ya ongezeko la thamani. Wanaofahamu wakfu hawatapata shida kulielewa jambo hili: asili ya mali inafungwa isiuzwe, na manufaa yake ndiyo yanayopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Mpango huu haukuzaliwa mjini wala haukuanzia kwenye nyumba. Ulianza mwaka 1969 katika mashamba ya jimbo la Georgia, Marekani, pale wapigania haki za Wamarekani Weusi, wakiwemo Charles Sherrod na mkewe Shirley Sherrod, Slater King na Robert Swann, walipoanzisha New Communities. Wakulima Weusi waliothubutu kujiandikisha kupiga kura walikuwa wakifukuzwa na wenye mashamba. Waanzilishi waliona kwamba mtu asiye na ardhi anaweza kunyamazishwa siku yoyote, na kwamba ardhi ya mtu mmojammoja inaweza kupokonywa kipande kwa kipande. Walijifunza kutoka India, ambako tangu mwaka 1951 Vinoba Bhave alikuwa akitembea kijiji hadi kijiji kuwaomba wenye ardhi wawagawie wasio nayo. Harakati zile ziligundua mapema kwamba maskini aliyepewa kipande chake peke yake alikipoteza upesi kwa mkopeshaji, ndipo zikageukia kukabidhi ardhi kwa kijiji kizima. Waanzilishi wa Georgia walikwenda pia Israel mwaka 1968 kuona jinsi ardhi ilivyokodishwa kwa muda mrefu bila kuuzwa. Walinunua takriban ekari 5,700. Yaliyowapata baadaye nitayaeleza nikiulizwa, maana yana somo lake.

Mjini, mfano ambao wengi huurejea ni Burlington, jimbo la Vermont. Mwaka 1984 halmashauri ya mji huo, chini ya meya Bernie Sanders, ilitenga dola 200,000 kuanzishia amana. Mwaka 2006 amana hiyo iliungana na shirika jingine la nyumba na kuwa Champlain Housing Trust, ambayo leo inasimamia maelfu ya nyumba, za kupanga na za kumiliki. Ilipata tuzo ya kimataifa ya makazi, World Habitat Award, mwaka 2008. Kilichonivutia huko ni kwamba zipo nyumba zilizouzwa mara ya pili na ya tatu, na kila mara zikaenda kwa kaya ya kipato kilekile, bila serikali kutoa ruzuku upya.

Naomba michango yenu, hasa ya wenye mashaka.

#2 Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo yaliyopangika. Mimi nina swali la mtu wa kawaida. Kama ardhi si yangu, bei ya kuuzia si yangu kuamua, na kuna chombo kinachoweza kunizuia kumwuzia ninayemtaka, nimemiliki nini hasa? Je, si mpangaji niliyepewa jina zuri zaidi? Na nikifa, watoto wangu wataambiwa watoke?

#3 Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa kutazama mambo ambayo mpangaji wa kawaida hana.

Mpangaji anapandishiwa kodi kila mkataba unapoisha, ilhali mwenye nyumba juu ya ardhi ya amana anajua malipo yake ya mkopo, na kodi ya ardhi ina utaratibu wake wa kubadilika ulioandikwa. Mpangaji anaweza kupewa notisi kwa sababu mwenye nyumba anamleta ndugu yake, lakini huyu hawezi kuondolewa maadamu anatimiza masharti ya mkataba. Anaweza kubomoa ukuta, kuongeza chumba na kupaka rangi aipendayo, na maboresho makubwa aliyoyaombea kibali huhesabiwa katika bei yake atakapouza. Kuhusu kifo, mikataba iliyoandikwa vizuri inataja wazi kwamba mwenza na watoto wanarithi jengo pamoja na upangaji wa ardhi. Mara nyingi hawaulizwi kipato chao, kwa kuwa kigezo cha kipato kinamhusu mnunuzi mpya na hakimhusu mrithi. Ninaposoma mkataba wa aina hii, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni huo wa mirathi. Usipokuwepo, au ukiwa umeandikwa kwa maneno yanayopinda, namshauri mteja asitie saini.

Alichokiacha huyu mmiliki ni kimoja: haki ya kubeba ongezeko lote la thamani ya ardhi. Nacho kina uzito, sikatai.

#4 Mchangiaji

Hapo ndipo mimi ninapokwama. Matajiri wamejenga utajiri wao kwa ardhi kupanda bei, na hakuna aliyewawekea kanuni. Leo akipatikana maskini aliyefanikiwa kununua nyumba, tunamwambia, "Wewe chukua robo, robo tatu iachie jamii." Kwa nini mzigo wa kulinda unafuu wa bei ubebwe na mtu aliyekuwa na kidogo kuliko wote? Naona ni kumfunga mtu katika hali yake, tena kwa jina la wema.

#5 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika mjadala huu, nami sitaipita juujuu. Turuhusu hesabu izungumze kwanza.

Tuseme nyumba pamoja na kiwanja chake ina thamani ya soko ya 100. Amana inaondoa ardhi katika mauzo, inaongeza ruzuku iliyoipata, na kaya inanunua kwa 60. Kwa hiyo 40 zimefungwa ndani ya mpango. Baada ya miaka kumi soko limepanda hadi 150. Kanuni inasema muuzaji anachukua asilimia 25 ya ongezeko, kama ilivyokuwa kanuni ya Burlington. Ongezeko ni 50, robo yake ni 12.5, na bei ya kumwuzia mnunuzi wa pili inakuwa 72.5. Muuzaji anaondoka na zile 12.5, pamoja na kila alichokwisha kulipa katika mkopo wake. Kama amelipa 15 za deni la msingi, ana 27.5 mkononi. Angepanga kwa miaka ileile kumi, angetoka na begi lake la nguo.

Sasa tuuondoe mpango huo. Muuzaji anauza kwa 150, anarudisha deni, anabakiwa na fungu kubwa. Nakubali kwamba kwake ni bora zaidi. Lakini kaya ya pili, ileile ambayo ingeweza kulipa 72.5, sasa inatazama bei ya 150. Serikali ikitaka kuisaidia, itafute 77.5 mpya, karibu mara mbili ya zile 40 za mwanzo, tena kwa kaya moja. Ikishindwa, na mara nyingi inashindwa, kaya hiyo inarudi kwenye foleni. Kwa hiyo robo tatu unazosema tumemnyang'anya muuzaji hazikutoka katika jasho lake. Zilitokana na barabara iliyojengwa karibu, shule iliyofunguliwa, biashara zilizohamia na watu walioongezeka. Aliyeandika hili kwa nguvu zaidi katika karne ya 19 ni Henry George, mchumi wa Marekani, naye alikuwa na hoja kwamba thamani ya ardhi inaumbwa na jamii nzima.

Hata hivyo umesema jambo ambalo siwezi kulizungushia maneno. Ni kweli kwamba tunamwomba mwenye kidogo ashirikishe wenzake huku mwenye kingi haombwi. Jibu langu ni kwamba amana isiwe njia pekee iliyo wazi kwa maskini. Iwepo pamoja na njia nyingine, mtu achague akiwa amesomewa kanuni ya bei kwa tarakimu, katika lugha anayoielewa, kabla hajatoa hata malipo ya awali. Anayeona faida ya soko inamfaa zaidi na anaweza kuifikia aende sokoni. Binafsi nimeketi na watu wengi ambao soko halikuwahi kuwafungulia mlango, na kwao chaguo halisi lilikuwa kati ya 27.5 na sifuri.

Niongeze kasoro moja ya kanuni hii ambayo wanaoisifu hawaitaji sana. Robo ya ongezeko inalinda bei pale soko linapopanda kwa kiasi. Soko likipanda kwa kasi kubwa, uthabiti wake unalegea. Chukua mfano uleule: soko likitoka 100 hadi 400, ongezeko ni 300, robo yake ni 75, na bei mpya ni 135. Bei ya mnunuzi imekuwa zaidi ya mara mbili ya ile 60. Ikiwa mishahara katika muda huo imeongezeka kwa nusu tu, nyumba imeshatoka mikononi mwa watu iliokusudiwa, ijapokuwa karatasi bado inasema ni ya bei nafuu. Ndiyo sababu London Community Land Trust iliamua kufunga bei kwenye mishahara. Wanachukua kipato cha wastani cha eneo husika, wanakokotoa mkopo ambao theluthi moja ya kipato hicho inaweza kuulipa, na hiyo ndiyo bei, wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Hivyo ndivyo ilivyofanyika katika nyumba zao 23 za St Clements, mashariki mwa London. Mimi naipendelea njia hii, ingawa muuzaji anaweza kupata kidogo zaidi pale mishahara inapodumaa.

#6 Mchangiaji

Naomba nichangie kutoka upande wa wakopeshaji, kwa kuwa nimefanya kazi ya kupitia maombi ya mikopo ya nyumba. Faili la namna hii likifika mezani, hofu ya kwanza ni rehani. Benki inapewa jengo kama dhamana, lakini jengo limekaa juu ya ardhi ambayo mkopaji hana mamlaka nayo, na bei ya kuliuza ina dari. Mkopaji akishindwa kulipa, nitanadi nini, na kwa nani? Afisa aliye makini atalirudisha faili, hata kama moyo wake uko upande wa mwombaji. Hata mthamini atakuuliza akupe thamani ipi, ya soko au ya kanuni. Bila kulitatua hili, mpango utabaki kuwa wa wenye fedha taslimu, na wenye fedha taslimu si walengwa.

#7 Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana mkuu, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi hufia kabla haijaanza.

Suluhu iliyozoeleka ni makubaliano ya pande tatu. Benki inakubali kuitaarifu amana mara tu mkopaji anapochelewesha malipo, na inaipa amana muda wa kulipa malimbikizo au kununua deni kabla ya mnada. Kwa upande wake, amana inakubali kwamba ikiwa yenyewe haikuchukua hatua katika muda huo, benki inaweza kuuza bila kufungwa na dari ya bei. Kwa maneno mengine, benki inalindwa na jamii inapewa nafasi ya mwisho ya kuiokoa nyumba. Kifungu hicho kinaumiza, kwani nyumba ikifika mnadani imepotea, lakini bila hicho hakuna mkopo.

Hofu uliyoitaja inaeleweka, ila takwimu zilizopatikana katika msukosuko wa mikopo ya nyumba Marekani zinaipunguza. Mwishoni mwa mwaka 2010, mikopo ya nyumba ya kawaida iliyokuwa katika hatua ya kunadiwa ilikuwa asilimia 4.63. Kwa wenye nyumba juu ya ardhi za amana ilikuwa asilimia 0.46, na hawa ni watu wa kipato cha chini kuliko wakopaji wa jumla. Sababu zake si za kimiujiza. Walinunua kwa bei waliyoimudu, hivyo hawakukopa kupita uwezo wao. Mikopo yenye masharti ya hila ilikataliwa mapema, kwa sababu amana husoma mkataba wa mkopo kabla ya kuuruhusu. Na mtu alipokosa malipo ya mwezi mmoja, kulikuwa na mfanyakazi wa amana anayemfahamu kwa jina, aliyekwenda kumgongea mlango akamuuliza kuna tatizo gani, wakaketi na barua ya benki mezani na kuanza kupanga upya.

Huyo mfanyakazi anayegonga mlango ndiye ninayetaka tumtazame kwa karibu. Katika mradi ule niliousimulia mwanzoni, masharti yalikuwa yameandikwa vizuri, maana niliyaandika mimi. Lakini aliyejenga alikabidhi funguo akaondoka. Ofisi iliyotakiwa kufuatilia ilibadilisha watumishi, majalada yakahamishwa, na kufikia mwaka wa nne hapakuwa na mtu anayejua ni nyumba zipi zilikuwa na sharti na zipi hazikuwa nalo. Sharti la kutouza halijitekelezi lenyewe. Kinachoitofautisha amana na hati yenye masharti ni kwamba upande wa pili wa mkataba yupo mwenye ardhi, tena hai, anayepokea kodi ndogo kila mwezi na kwa hiyo anajua kila mwezi kama wewe bado upo. Kodi ile watu huiona kama usumbufu. Mimi naiona kama uzi unaoiunganisha nyumba na jamii, kwani siku malipo yanapokatika, mtu anajua.

Na kwa kuwa nimeahidi kueleza yaliyoipata New Communities, nayaeleza hapa kwa sababu yanahusu mikopo. Walilima, wakafuga na kuuza mazao yao barabarani. Gavana wa jimbo alizuia fedha za serikali kuu walizozitarajia kwa ajili ya kujenga makazi, hivyo mji waliouchora kwenye ramani haukujengwa. Miaka ya 1970 ukame ulipowapiga, waliomba mkopo wa dharura kutoka katika mfumo wa serikali wa mikopo ya wakulima, wakazungushwa muda mrefu huku majirani wao Wazungu wakisaidiwa. Mwaka 1985 ardhi yote ilichukuliwa kwa deni. Waliishinda kesi ya ubaguzi mwaka 2009, wakalipwa takriban dola milioni 12, na mwaka 2011 wakanunua shamba jingine katika eneo hilohilo, shamba ambalo zamani lilikuwa la mmiliki wa watumwa. Kwa hiyo amana ya kwanza kabisa ilianguka kwa rehani ya ardhi yenyewe. Tangu wakati huo, kila mwenye kuanzisha chombo cha namna hii akiniuliza, ninamwambia jengo liwekwe rehani ikibidi, lakini ardhi isiguswe.

#8 Mchangiaji

Nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi na nashangaa kwamba hakuna aliyeitaja Voi, nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa kitongoji cha Tanzania-Bondeni, waliokuwa wakiishi bila hati, walishirikishwa katika mpango wa kuboresha makazi yao. Walipewa nafasi ya kupima njia kadhaa: hati ya mtu mmojammoja, ushirika wa nyumba, au amana ya ardhi ya jamii. Walichagua amana. Hoja yao ilikuwa ya watu walioona mengi: kila mtu akipewa hati yake, wenye fedha watakuja na kununua mmojammoja, na baada ya muda mfupi waliokusudiwa watakuwa wamehamia kitongoji kingine kisicho na hati.

Tatizo likawa sheria. Hapakuwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya chombo cha namna hiyo, wakalazimika kuunganisha vyombo viwili, chama cha wakazi upande mmoja na bodi ya wadhamini inayoshika ardhi upande wa pili, kisha kila mkazi apate upangaji mdogo chini yake. Mkazi aliruhusiwa kuuza jengo na maendelezo yake, ila ardhi haikuuzwa. Ilikuwa kazi ndefu yenye karatasi nyingi, na mfano huo haukuenea kama ilivyotarajiwa. Ninachojiuliza ni hiki: ikiwa wakazi wenyewe walilielewa jambo hili vizuri kiasi kile, kwa nini iwe vigumu kwa wanasheria na maofisa wa ardhi?

#9 Mwanzisha uzi

Umenikumbusha vyema, na naona aibu kwamba nilianzia mbali wakati mfano upo kwa lugha yetu wenyewe.

Kuhusu swali lako, nadhani ugumu haukuwa wa kuelewa. Mfumo wa usajili wa ardhi umejengwa juu ya dhana kwamba kila kipande kina mwenyewe mmoja, na ofisa anapopewa jambo lenye wenyewe wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, hana fomu ya kulijaza. Penye sheria mahsusi mambo hubadilika haraka. Uingereza iliweka tafsiri ya kisheria ya amana hizi mwaka 2008. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2014, iliruhusu vyombo vya kushika ardhi, na kuanzia mwaka 2016 ikaongeza mkataba maalumu wa upangaji ambao kila nyumba inapouzwa muda wake unaanza kuhesabiwa upya, ili mnunuzi wa mwisho asikute miaka imebaki michache. Kifungu hicho kidogo kina busara kubwa, kwa sababu upangaji unaokaribia kuisha hauwezi kukopewa wala kurithishwa kwa maana yoyote.

Lakini sheria peke yake nayo haitoshi. San Juan, Puerto Rico, kandokando ya mfereji wa Caño Martín Peña, watu walikuwa wamejenga kwa vizazi kadhaa juu ya mikoko iliyofukiwa, bila hati. Serikali ilipoamua kusafisha mfereji, wakazi walitambua kwamba maji safi yatapandisha bei na wao watakuwa wa kwanza kuondoka. Baada ya mamia ya mikutano walipata sheria ya mwaka 2004 iliyokabidhi takriban ekari 200 kwa amana yao. Mwaka 2009 serikali nyingine ikairudisha ardhi ile mikononi mwake kwa sheria nyingine. Wakazi walipigana kwa miaka minne mahakamani, barabarani na bungeni, na mwaka 2013 wakarejeshewa. Chombo ambacho wanachama wake hawajui kwamba ni wanachama kisingeweza kupigana vita hivyo hata kwa wiki moja.

Hiyo ndiyo maana ya muundo wa bodi ambao sikuueleza mwanzoni. Kwa desturi theluthi ya wajumbe wanatoka kwa wenye nyumba walioko juu ya ardhi ya amana, theluthi kwa majirani wa eneo hilo wasio na nyumba za amana, na theluthi ni watu wa kutetea maslahi ya umma kwa upana. Wenye nyumba wakiwa peke yao wangeshawishika siku moja kupiga kura ya kufuta dari ya bei na kugawana faida. Wataalamu wakiwa peke yao wangesahau mvua inavuja wapi.

#10 Mchangiaji

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Sisi ni kikundi cha kaya 40, tumeweka akiba pamoja kwa muda mrefu, na sasa tumepata kiwanja kimoja kikubwa ambacho mwenyewe yuko tayari kutuuzia. Wenzangu wengi wanataka kikigawanywa kila mtu apate hati yake mara moja. Wachache tunafikiria njia hii ya amana. Mwanzisha uzi, kama ungekuwa katika kikao chetu ungetushauri tufanye nini kwanza?

#11 Mwanzisha uzi

Hongereni kwa kufika hapo. Kuweka akiba kaya 40 bila kugombana tayari ni kazi.

Kwanza msigawanye kabla ya kununua. Nunueni kwa hati moja, kwa jina la chombo kilichosajiliwa, kwa sababu ardhi iliyounganishwa inaweza kugawanywa wakati wowote mkitaka, lakini ardhi iliyogawanywa ni vigumu mno kuiunganisha tena. Hilo litawapa muda wa kujadiliana bila kumpoteza muuzaji.

Kisha, kabla hamjamwendea mwanasheria, chukueni ubao na muandike kanuni ya bei kwa tarakimu zenu wenyewe. Fanyeni hesabu mara tatu: soko likibaki lilivyo, soko likipanda mara mbili, na soko likishuka. Kila mmoja aone angeondoka na kiasi gani akihama baada ya miaka mitano na baada ya ishirini. Wale wanaotaka hati zao binafsi wapewe nafasi ya kufanya hesabu yao pia kwenye ubao uleule, na msiwakatishe, kwani huenda wana sababu ya ugonjwa au ya ada za shule ambayo hawajaisema. Ikiwa baada ya hapo nusu ya kikundi bado inataka kugawana, gawaneni kwa amani, na mliobaki muangalie kama sehemu yenu inatosha kuunda amana ndogo.

Mkikubaliana, andikeni katika katiba kwamba ardhi haiwekwi rehani, na kwamba kuuza kipande chochote kunahitaji idhini ya theluthi mbili za wanachama na ya wajumbe wote wa nje. Tengeni sehemu ya kodi ya ardhi kwa ajili ya mshahara wa mtu mmoja, hata wa siku mbili kwa wiki, wa kutunza daftari, kupokea malipo na kuwatembelea wanaochelewa. Ukurasa wa mirathi muusome kwa sauti kikaoni, mbele ya wenza na watoto wenu wakubwa, wala msiuache kwa wanaume waliotia saini peke yao. Rasimu ikiwa tayari iletee hapa, ukifuta majina na mahali, tuipitie kifungu kwa kifungu.